Kipoza Oili cha Avril

Sanduku lilikaa juu ya rafu ya gereji, kati ya kopo la rangi na chupa ya maji ya betri, na tangu Novemba hakuna aliyeligusa isipokuwa buibui. Ndani yake mlikuwa na kipoza oili, kirejeta kidogo cheusi, kipana kama kitabu kilichofunguliwa, chenye mapezi membamba na midomo miwili ya kufungia mipira. Avril alikinunua kwenye soko la spea kuukuu kule mjini Newark. Alipatana bei na muuzaji mpaka yule mtu akaanza kucheka, kisha akakibeba mwenyewe kifuani hadi walipoegesha.

"Zawadi yako ya kuzaliwa," alimwambia mumewe. "Usiniulize kinafanya kazi gani. Nimeambiwa gari linakihitaji. Na usikifunge garini kabla ya siku yenyewe."

Siku ya kuzaliwa ya Wilfred Bostock ilikuwa Desemba. Avril hakuifikia.

Sasa ilikuwa Aprili, Jumamosi asubuhi, na Neville Oakden, mwenzake wa kilabu cha wajenzi wa magari, alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji na msumeno wa umeme mkononi. Wilfred alimwona, akaendelea kufuta spana ambayo ilikuwa safi tayari.

Gari lenyewe lilikuwa dogo na la chini, la viti viwili, lisilo na paa wala milango. Ni la namna ile ambayo mtu hununua fremu, kisha hulijenga mwenyewe nyumbani, bolti kwa bolti, mpaka majirani wachoke kuuliza litakwisha lini. La Wilfred lilichukua miaka mitano. Injini ilitoka kwenye gari la kijivu la Avril, lile alilokuwa akiendea kazini, jikoni kwa shule ya msingi. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu ilikuwa imeila bodi yake hadi miguu ya dereva ikawa inaona lami, lakini injini ilikuwa bado nzima. Wilfred akaing'oa, akaifungia kabureta mbili kubwa, akaiweka kwenye fremu mpya.

Pua ya gari ilikuwa kazi ya Avril. Ilikuja ikiwa faibaglasi ghafi, yenye mikwaruzo na mabonde. Aliiweka juu ya meza ya jikoni majira mawili ya baridi, akaipiga msasa wa maji, wao wakila sebuleni, sahani magotini. Alikuwa akifumba macho na kupitisha kiganja taratibu toka juu hadi chini. "Hapa pana kilima," alisema kila mara. Wilfred aliweka mkono wake palepale asisikie kitu. Rangi pia aliichagua yeye, kijani cha njegere, kwa sababu, alisema, ameshapika njegere nyingi mno maishani hata asiweze kuwa na rangi nyingine moyoni.

Mdomo wa pua ile ulijaa rejeta ya maji, hapakubaki nafasi. Kipoza oili kingekaa chini yake, na ili kipate upepo ilibidi kidevu cha pua kitobolewe tundu la upana wa mkono. Hapo ndipo Wilfred alipokwama. Akifunga zawadi ya Avril, ataikata kazi ya mikono ya Avril. Akiiacha pua ilivyo, zawadi itabaki sandukuni. Miezi mitano alikuwa akilitazama sanduku, akiitazama pua, halafu akizima taa na kuingia ndani.

"Chora mstari, nikate, tunywe chai," alisema Neville. Alikuwa mtu mnene mwenye goti bovu, na ujanani aliwahi kushindana mbio za kupanda milima kwa gari. "Ni kazi ya dakika kumi."

"Hebu tufikiri kwanza."

"Bwana wewe. Tangu umeanza kufikiri, konokono wa bustanini kwako wameshapata wajukuu."

"Injini hii ilimpeleka Avril kazini miaka yote ile bila kipoza."

"Ilimpeleka ikitembea. Sasa umeipa kabureta za kukimbilia. Mimi nimeunguza injini mbili kwa ubishi kama huu wako. Oili ikizidi moto inakuwa nyepesi, beringi zinaanza kulia, na ukizisikia zinalia ujue umeshachelewa." Neville aliweka msumeno juu ya meza. "Mita yako ya oili inasemaje?"

"Haijapita sitini."

"Sitini ngapi?"

"Sitini tu. Digrii sitini."

Neville alimtazama, kisha akainama juu ya injini akafungua kifuniko cha kutilia oili. Upande wa ndani ulikuwa umeganda utando mweupe, mzito, kama krimu iliyosahauliwa. Wilfred aliuona naye, akaiweka spana chini. Kila mjenzi wa magari alijua maana ya utando ule. Gasketi imekwisha, maji yanaingia kwenye oili, injini yote ifunguliwe.

"Usife bado," alisema Neville. Alifungua rejeta, maji yalikuwa yamejaa hadi juu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena, akakinusa. Kilikuwa safi. "Maji hayajapungua, na oili ya chini ni nzuri. Gasketi ni nzima. Huu ni mvuke tu. Injini inawashwa, kabla haijapata moto inazimwa, unyevu unabaki humo ndani na kuchanganyika na oili." Akanyoosha mgongo. "Wilfred, unaliendesha wapi gari hili?"

Wilfred alikunja kitambaa alichokuwa akifutia spana. "Makaburini."

"Halafu?"

"Halafu narudi."

Toka pale nyumbani hadi makaburi ya mji wao, Wirksworth, ni maili moja na nusu. Neville alikifunga kifuniko polepole, akazidi kukizungusha hata kilipokwisha kukaza.

"Basi bado hatujui kitu," alisema, sauti imeshuka. "Huwezi kumuuliza mtu aliyelala kama anasikia joto. Lipeleke Winnats, likapande ule mlima. Liwe na watu wawili ndani, kama tunavyopima kilabuni. Mimi nitakaa..."

Aliangalia kiti cha abiria.

Kile kiti kilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Kilabuni kwao, kama kwenye vilabu vyote vya watu wa aina hii, gari likitoka gerejini mara ya kwanza, kiti cha abiria si cha fundi mwenzako wala cha rafiki. Ni cha yule aliyevumilia, aliyekula magotini, aliyekuta vipande vya gia bafuni, aliyesikia kila likizo ikigeuzwa kuwa mpira wa breki. Huyo ndiye hukaa kwanza, hata kama ni kuzunguka mtaa tu, na wengine husimama kando ya njia wakampigia makofi. Gari la Wilfred lilipopasishwa na wakaguzi mwezi Februari, alilirudisha nyumbani peke yake. Neville na wenzake hawakujua wapige makofi au wafanye nini, kwa hiyo walimpungia mikono wakaenda zao.

"Nitaweka mzigo," alisema Wilfred.

"Mzigo gani?"

"Udongo wa kupandia maua. Mifuko miwili. Uzito ni uzito."

"Utaufunga mkanda, mfuko wa udongo?"

"Sheria ni sheria."

Neville alicheka, kisha akaacha. "Haya. Msumeno nauacha hapa. Ukirudi na zaidi ya mia na ishirini, tunakata, na sitaki kusikia tena habari ya kufikiri. Ukirudi chini ya hapo, nauchukua nakwenda nao na sisemi neno. Na unajua ninavyopenda kusema."

Jumapili asubuhi Wilfred alibeba mifuko kutoka bandani. Mmoja aliulaza kwenye kiti juu ya ile nailoni, wa pili juu yake. Akasimama akaiangalia. Mifuko miwili ilikuwa uzito wa Avril wa wiki za mwisho, Wilfred mwenyewe alipokuwa akimwinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani. Avril wa kabla ya hapo, yule wa kupatana bei Newark, alihitaji mitatu. Akarudi bandani kuchukua wa tatu. Akaifunga mkanda.

Mwisho wa mtaa, kushoto ni makaburini. Kila Jumapili gari lilikuwa likikata kushoto kama lenye akili yake. Safari hii alikata kulia, na kwa muda alijisikia kama mtu aliyepita mlangoni kwa mwenziwe bila kubisha hodi.

Hewa ilikuwa ya baridi. Kuta za mawe zilikimbia kando ya njia, nyuma yake kondoo na wana wao. Alipofika mji wa Bakewell mshale wa oili ulikuwa umepita sabini, mahali ambapo haujawahi kufika. Akasikia injini ikilainika, mngurumo wake ukishuka na kutulia, ikawa sauti ileile iliyokuwa ikiingia uani jioni, saa za Avril kutoka jikoni kwa shule. Kumbe alikuwa hajaisikia tangu aing'oe. Miezi yote hii alikuwa akiisikiliza ikiwa ya baridi, ikikohoa.

"Themanini na tano," alisema kwa sauti, akageukia kushoto.

Upepo ukayachukua maneno. Mfuko wa juu ulikuwa ukitikisika kidogo. Hakusema tena namba mpaka Castleton, chini ya mlima.

Winnats ni njia inayopenya kati ya majabali mawili, na inapanda kama ngazi. Wilfred alikuwa amepanga kuipanda kwa kasi nzuri ili upepo uisaidie injini, lakini kwenye kona ya kwanza alikuta trekta likikokota tela la kondoo, na nafasi ya kupita hakuna. Akaingiza gia ya pili, akawa anatambaa nyuma yake. Hakuna kipimo kibaya kuliko hicho kwa injini, mlima mkali, uzito wa watu wawili, na upepo hakuna. Kondoo walimtazama kutoka nyuma ya tela kwa nyuso zisizo na maoni. Mshale ukapanda. Tisini na nane. Mia na nne. Mia na saba.

Hapo ndipo alipogundua kwamba alikuwa akiuombea upande zaidi.

"Panda," aliuambia. "Panda basi." Alitaka kuuona mia na ishirini na moja. Alitaka arudi nyumbani amwambie Neville, ulisema kweli, na Avril aliambiwa kweli, gari linakihitaji. Pua wangeikata, maana isingekuwa hiari yake. Angekifunga kipoza kwa mikono yake, na kila akiwasha injini oili ingepita ndani ya kitu kile, izunguke na kurudi, nacho kiwe na kazi yake kila siku. Miguu ikaitangulia akili. Akarudisha gia ya kwanza, injini ikapiga kelele hadi majabali yakaitikia, na dereva wa trekta akageuka kutazama.

Mia na kumi. Mia na kumi na mbili.

Ukasimama. Aliendelea kuikamua injini kona nzima na nyingine juu yake, na mshale haukutoka kwenye mia na kumi na mbili, kana kwamba mtu ameushika. Mwishowe aliona aibu. Akarudisha gia ya pili, akamwacha mwenye trekta aende zake.

Juu kabisa pana mahali pa kuegesha. Alizima. Mama mmoja mwenye buti za kupandia mlima alikuwa akipita na mbwa wake. Akaliangalia gari, akaiangalia mifuko iliyofungwa mkanda.

"Mzee wangu, abiria wako mkimya kweli."

"Ameshazoea kelele za gereji."

"Mnakwenda wapi?"

"Nilikuwa namwonyesha mlima tu."

Yule mama alicheka, mbwa akamvuta, wakaenda. Wilfred alibaki akisikiliza chuma kikilialia kwa kupoa. Kisha alifungua boneti, akashika kifuniko cha oili kwa kitambaa, akakifungua. Utando mweupe haukuwapo. Chuma kilikuwa kikavu na kisafi, na oili iliyoshika kwenye nyuzi zake ilikuwa na rangi ya asali. Kila mjenzi wa gari angependa kuona kifuniko kama kile. Alikishika muda mrefu, mpaka kikapoa mkononi, na hakuona ni nani wa kumwonyesha.

Alipofika nyumbani alimkuta Neville mlangoni mwa gereji, amekalia ndoo iliyogeuzwa, na mkononi ana kikombe cha chai cha jikoni mwa Wilfred.

"Naona umejikaribisha."

"Ufunguo uko palepale alipokuwa akiuweka mkeo. Sema namba."

"Mia na kumi na mbili. Nyuma ya trekta, gia ya kwanza. Kwenye barabara ya kawaida tisini na moja."

"Gia ya kwanza? Nani hupanda Winnats kwa gia ya kwanza?"

Wilfred alikuwa akifungua mkanda wa mifuko. Neville alimtazama mgongoni, akanywa chai yake.

"Basi halihitaji," alisema Neville.

"Halihitaji."

"Na ukikifunga utaliharibia. Kwa baridi yetu hii oili haitapata moto maisha. Utaishia kubandika kadibodi puani kuzuia upepo, kama wale wajinga wa kilabuni wanaofunga vipoza kwa sababu magari ya mashindano yanavyo."

"Kama wewe."

"Kama mimi, mwaka wa kwanza. Kadibodi ya sanduku la mayai." Neville alikizungusha kikombe mkononi. "Sikiliza, Wilfred. Mimi ndiye niliyemwambia. Pale Newark aliniuliza, huyu bwana nimnunulie nini ambacho hana? Nami nilikuwa nimechoka, goti linauma, nikaangalia meza iliyokuwa mbele yangu, nikasema, kipoza oili, gari linakihitaji. Ningekuwa nimegeukia upande wa pili, ungekuwa na taa za ukungu."

Wilfred alisimama ameshika mkanda. Kisha kicheko kikamtoka, kidogo, kikavu, cha puani.

"Taa za ukungu ningezifunga," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nakuomba radhi."

"Alifurahi sana siku ile."

"Alifurahi. Yule muuzaji alikuwa karibu ampe na meza."

Chai ikaisha. Neville akachukua msumeno, akaukunjia waya wake. Mlangoni akasimama.

"Halafu ile safari yako ya Jumapili. Maili moja na nusu kwenda, maili moja na nusu kurudi. Itaiua hii injini. Itachukua muda, lakini itaiua."

"Najua."

"Ikitaka kutoka, itoke iende mbali. Siku nyingine nikikuambia twende Buxton, utanichukua?"

Wilfred aliangalia kiti, nailoni yake, mifuko mitatu ya udongo.

"Bado," alisema.

"Sikusema leo."

Neville alipoondoka, Wilfred alishusha sanduku kutoka rafuni. Akamtoa buibui kwa karatasi, akamweka dirishani. Akakifuta kipoza, akapaka oili kwenye midomo yake miwili isije ikapata kutu, akaiziba kwa vitambaa safi jinsi kitu kinavyozibwa kinaposubiri kazi. Akakirudisha sandukuni, akalirudisha sanduku mahali pake. Halafu akapiga magoti mbele ya gari, akatoa wadudu waliokuwa wamegandia kwenye pua ya kijani.

Jumapili iliyofuata alitoka na toroli, ndani yake ile mifuko mitatu. Gurudumu lilikuwa likilia kila likizunguka, maana toroli halikuwa limeonja oili tangu wanunue nyumba. Alipofika mwisho wa mtaa akakata kushoto. Bi Hallam, jirani wa nyumba ya kona, alikuwa akikata mimea iliyotambaa ukutani kwake.

"Wilfred, gari limeharibika?"

"Hapana, Bi Hallam. Liko salama kabisa. Halihitaji kitu."

"Mbona basi unahangaika na toroli?"

"Ni mwendo mfupi mno kwa gari."

Bi Hallam aliiangalia mifuko, akaangalia njia inakoelekea, akashusha mkasi wake. "Nenda taratibu, basi," alisema. "Kile kilima cha kanisani kina hila."

Alikwenda taratibu. Alipumzika mara kadhaa, akakaa ukingoni mwa njia, magari yakampita. Makaburini hapakuwa na mtu. Jiwe la Avril lilikuwa halijawekwa, maana wachongaji walikuwa wamemwambia asubiri ardhi itulie, na kweli baada ya majira ya baridi kaburi lilikuwa limebonyea katikati. Palikuwa na kibao tu chenye jina.

Alichana mifuko kwa kisu cha mfukoni, mmoja mmoja, akamwaga udongo mweusi, akausambaza kwa mikono. Mifuko mitatu ilitosha barabara. Alipomaliza alipiga magoti kwenye majani mabichi, na kabla hajainuka alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya udongo, taratibu, toka juu hadi chini.

"Mia na kumi na mbili," alisema. "Mshale haukupanda tena."

Kiganja kikaendelea. Karibu na mwisho, upande wa miguuni, kikasita.

"Hapa pana kilima," alisema Wilfred, akakisawazisha.